Vitambaa vya Mama na Skrini Mbili

Mama yangu hawezi kuvumilia kitu cha umeme kikae uchi. Televisheni yetu ina kitambaa, redio ina kitambaa, friji ina kitambaa kirefu kinachoning'inia mpaka kwenye mkono wa mlango, na pasi, ambayo kazi yake ni kupata moto, ina kijitambaa chake cha kuvaa ikishapoa. Kuna hata kimoja cha rimoti, ambacho mpaka leo sijaelewa kinazuia nini. Vyote amevifuma mwenyewe kwa kroshia. Jumamosi vinafuliwa na kupigwa wanga, na kabla ya wageni wa Jumapili kila kimoja kimesharudi mahali pake. Nimekulia katikati ya vitambaa hivyo, na nimegombana navyo tangu nikiwa mtoto.

Kazi hiyo aliijulia kwenye kambi za polisi. Baba alikuwa askari polisi, mtu wa West Nile, kule kaskazini-magharibi mwa Uganda, Mwislamu. Mama ni Mwacholi na Mkatoliki wa kusali kila siku. Walipooana hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, wakakutana katikati kwenye Kiswahili cha kambi, na hicho ndicho tulichonyonya sisi watoto. Mchana, wake wa askari walikaa nje ya milango yao wakifuma na kusengenya, na katika kufuma kulikuwa na sheria ambayo sikuwahi kusikia mtu akiitamka. Kitu kilifunikwa kikishapata makao. Redio mpya haikupewa kitambaa siku ilipoletwa. Ilisubiri mpaka ijulikane itakaa wapi. Na habari ya uhamisho ilipofika, kabla ya sufuria kufungwa na kabla ya godoro kukunjwa, vitambaa ndivyo vilivyotoka kwanza. Vilikunjwa mara nne na kuwekwa kwenye kiti cha mama wa nyumba.

Kwa hiyo sisi watoto wa kambi hatukuambiwa kuwa tunahama. Tulirudi kutoka shule tukachungulia dirishani. Nakumbuka siku niliyoikuta redio yetu haina kitu juu yake, nyeusi na ndogo kuliko nilivyoizoea, na mara ile ile nikajua kwamba shule hiyo ndiyo basi, na rafiki yangu wa nyumba ya pili ndiyo basi. Mama alikuwa jikoni anakoroga uji wake.

Naeleza haya mapema kwa sababu bila kuyajua, mtu hatanielewa nikisema kwamba skrini mbili za kompyuta karibu zinivunje moyo.

Kazi yangu ni kuchora ramani. Zamani nilichora barabara katika ofisi moja mjini. Siku hizi nachora mapaa, mitaro, vichochoro na visima kutokana na picha zinazopigwa na ndege ndogo zisizo na rubani. Kampuni moja ya Nairobi ilinichukua kwa majaribio, nisaidie kuchora njia za maji katika mitaa inayofurika Kampala. Walikubali nifanyie kazi nyumbani, Naguru, kwenye nyumba ambayo wazazi wangu waliijenga chini ya kilima baba alipostaafu. Lakini walitaka kwanza kuona kama inawezekana. Mara mbili kwa wiki tulitakiwa kuchora pamoja, wao kule na mimi huku, kila mtu akiona mkono wa mwenzake kwenye ramani. Ikishindikana, ningehamia Nairobi kwenye ofisi yao, ambako kila kitu kilikuwa kimeunganishwa tayari.

Sikutaka kuhamia Nairobi, na sababu yangu ilikuwa moja. Baba alishafariki. Ndugu zangu wawili wako nje ya nchi. Mama ana magoti yanayogoma kupanda ngazi na presha inayopanda ngazi bila kuombwa, na alishasema kwamba yeye hatoki Naguru tena, kwa sababu alishahama kiasi cha kuwatosha watu watatu. Ningeondoka, angebaki peke yake na vitambaa vyake.

Skrini ziliwasili kwa basi kutoka Nairobi, mbili, pana kama meza za kahawa, na picha zake kali mno. Ukali huo si anasa. Kwenye skrini ya kawaida, paa la bati lililopata kutu na kipande cha barabara ya udongo ni ndugu. Unaweza kuchora gari likipita juu ya kitanda cha mtu. Moja nilikusudia ionyeshe picha, ya pili ramani ninayochora, na kile kioo kidogo cha laptopu yenyewe kibaki kwa sura za wenzangu.

Nilidhani ni kazi ya kuchomeka waya mbili na kunywa chai. Skrini ya kwanza iliwaka, lakini kishale cha kipanya kilikuwa kinajikokota. Nikisogeza mkono, chenyewe kinafikiria kwanza, kisha kinakuja kwa hatua hatua kama mtu anayevuka tope. Skrini ya pili ilikataa kabisa, ikaandika kwamba haioni kitu, ikalala. Nikaichomeka kwenye tundu la pili, ikalala. Nikatumia waya wa simu, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa unafanana, ikalala tena. Mimi sina subira, na siku hiyo niliiambia ile skrini maneno ambayo baba alikuwa akiwaambia wezi wa kuku.

"Afande," mama aliniita kutoka jikoni. Ananiita hivyo nikianza kufanana na marehemu. "Hiyo mashine haina masikio."

Kesho yake nikateremka mpaka Nakivubo, nikapenya katikati ya wauza viatu na makondakta wanaovuta watu mikono, hadi kwenye duka moja la vifaa vya kompyuta ninalolijua. Mwenye duka ni mzee wa kofia na kanzu safi, wa familia ya Waswahili ambao wamekaa Kampala tangu enzi za babu wa babu yake. Anauza waya, lakini anachokipenda ni mazungumzo. Kila nikienda ananisahihisha Kiswahili bila kuombwa, na mimi namvumilia kwa sababu ananifurahisha. Aliwahi kuniambia kwamba Kiswahili changu kimevaa buti.

Akaigeuza laptopu yangu ubavu, akaniwekea kidole kwenye yale matundu mawili ambayo mimi niliyaona ni pacha. "Hili linakula tu, binti," alisema. "Hili la pili linakula na linasema." La kwanza lilikuwa la kuchajia, hata ungeliletea waya wa dhahabu lisingetoa picha. Waya wangu wa simu nao ulikuwa wa kulisha, si wa kusema. Na ule waya mnene niliotumia kwa skrini ya kwanza ulikuwa wa kizazi cha nyuma. Uliweza kubeba picha kubwa kama ile lakini kwa kusuasua, ndiyo maana kishale kilijikokota. Akashauri nichukue kisanduku cha kugawa picha, chenye umeme wake chenyewe, kiingizwe kwenye lile tundu linalosema, kisha skrini zote mbili zikae kwenye kisanduku kwa waya za kisasa. Nikalipa, nikaaga, akanisahihisha hata kuaga kwangu.

Kisanduku kilikuwa na ukubwa wa sabuni ya mche iliyokatwa nusu. Nilikiweka sakafuni nyuma ya kabati la vitabu na kuzipitisha waya huko, kwa sababu mama hapendi kuona waya. Anasema waya ni matumbo ya nyumba, na matumbo hayaonyeshwi wageni. Nikawasha. Skrini zote mbili zikafunguka kwa pamoja, na maandishi yakawa madogo hivi kwamba nilidhani nimepofuka, mpaka nilipoyakuza. Kisha nikakuta kishale kinatokea upande usio wake: nikikipeleka kulia kinagonga ukuta, nikikipeleka kushoto kinaibukia kwenye skrini ya kulia. Laptopu ilikuwa inaamini kwamba skrini zimekaa kinyume. Nikazipanga upya kwenye mipangilio, na kishale kikaanza kupita kutoka moja kwenda nyingine kama maji.

Mama alikuwa amekuja na kigoda chake kutazama. Alikifuata kishale kwa macho mpaka mwisho wa skrini ya kwanza, kikapotea, kikatokea ya pili.

"Hiyo imevuka bila kibali?" aliuliza.

Nikamwambia siku hizi mpaka uko wazi. Akacheka, nami nikafungua picha ya mtaa wetu, nikaikuza polepole mpaka likaonekana paa letu, tangi la maji, na uani, kwenye kamba, kitu cheupe chenye mistari ya bluu. Alisogeza uso mpaka nikaogopa atagusa kioo. Ilikuwa shuka yake. Akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama watu wa Nairobi nao wanaiona. Nilipomwambia ndiyo, akasema ni heri siku hiyo hakuanika zile za zamani. Alirudi jikoni amefurahi, na mimi niliiona furaha yake, nikafurahi kupita kiasi. Nilijiona tayari nimebaki.

Baada ya hapo tulifanya kazi vizuri kwa muda. Asubuhi moja nikaingia chumba cha kazi nikakuta skrini zimevaa. Vitambaa viwili vipya, vyeupe, ukingo wa maua ya manjano, vimepimwa sawasawa na upana wa skrini, na ncha zake zinaning'inia katikati kabisa. Nilicheka, nikavipindua kwa nyuma ili nione, nikaanza kazi. Jioni akavirudisha mbele. Ikawa ndiyo kawaida yetu. Sikulitia maanani. Mama yangu alikuwa ameniambia kwa lugha yake kwamba vitu hivi vimeshapata makao, na mwenye vitu pia, na mimi nikaona maua tu.

Wiki ile ile matatizo yakaanza. Asubuhi kila kitu kilikuwa safi. Kuelekea saa sita, katikati ya kuchora na wenzangu, skrini ya kulia ikawa nyeusi. Ikarudi. Ikawa nyeusi tena, na ya kushoto ikaifuata, na nikabaki kwenye kile kioo kidogo cha laptopu nikiwa nimeshika mtaro ambao sioni mwanzo wake. Wenzangu wakanisubiri. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo, nikaharibu mstari ambao mwenzangu alikuwa amemaliza kuuchora. Nikizima kila kitu na kupumzika, baadaye zinawaka kana kwamba hazijafanya neno.

Nililaumu umeme, nikanunua kifaa cha kuutuliza. Nililaumu mvua. Nililaumu programu, nikazifuta na kuziweka upya. Nilibadilisha waya wa upande wa kulia ukaenda kushoto, na wa kushoto kulia, kwa upande wa skrini. Nilihamisha meza kutoka dirishani nikidhani ni jua. Niligeuza kila kitu isipokuwa kile kisanduku nyuma ya kabati, kwa sababu ndicho kilichokuwa kipya na ndicho nilichokiamini.

Mkuu wangu wa Nairobi ni mwanamke mpole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali. Alinipigia baada ya mara ya tatu, akasema kazi yangu anaipenda na hana shaka na mkono wangu, lakini ramani ya mafuriko haiwezi kungoja skrini za mtu zipate nafuu. Ijumaa tungechora mtaa mzima pamoja, tangu asubuhi mpaka umalizike. Ikienda salama, nabaki Kampala. Isipoenda, chumba cha kuanzia walikuwa wameshanitafutia karibu na ofisi. Nilimshukuru, nikaweka simu mezani.

Nilimwambia mama wakati wa chakula. Alikuwa ameandaa boo, mboga ya kwao iliyochanganywa na simsim, ule ufuta wa kusaga, na aliendelea kunipakulia wakati nikizungumza. Nikamweleza yote, Ijumaa, chumba, ofisi. Nilitaka aseme nibaki. Nilitaka sana, na nilikasirika kabla hata hajajibu, kwa sababu namjua.

"Baba yako alikwenda kila mahali walimtuma," alisema. "Wewe pia utakwenda. Mimi niko sawa hapa."

Kisha akaniuliza kama mboga ina chumvi ya kutosha. Nikamjibu inatosha. Nilikula chakula chote nikiwa na hasira, nikaosha vyombo nikiwa na hasira, na kama si umri wangu ningelia pale pale kwenye karo.

Alhamisi mama aliondoka baada ya chakula cha mchana kwenda kanisani, kwenye mkutano wa akina mama. Nilikuwa nimempigia yule mzee wa Nakivubo, akasema nimletee kile kisanduku akitazame. Nikapiga magoti nyuma ya kabati na kupenyeza mkono. Vidole vyangu vikagusa sufu.

Nilivuta. Kisanduku kilitoka kimevaa sweta. Sweta hasa, la uzi mnene wa kijivu, limekibana pande zote, lenye ua moja la manjano juu. Waya zilipokuwa zikiingia, aliacha matundu, na kila tundu alilizungushia ukingo mzuri usifumuke. Alikuwa amepima yote hayo sakafuni, kwa magoti yale, bila kuchomoa waya hata mmoja, kwa sababu anajua mimi huwa mkali mtu akigusa waya zangu. Na ndani ya sweta kile kisanduku kilikuwa cha moto kama kiazi kilichotoka majivuni. Kuelekea saa sita, siku zote, kilikuwa kinazidiwa na joto na kuzimia.

Nilicheka peke yangu pale sakafuni. Kisha nikakasirika, kisha nikacheka tena mpaka machozi. Nikakivua. Nilipokigusa baada ya muda kilikuwa kimepoa, nikawasha skrini zote na kufungua picha nzito kuliko zote nilizonazo, nikaziacha zifanye kazi hadi alasiri. Hazikupepesa. Nikatazama nyuma ya skrini zenyewe, nikaona pale ninapovipindulia vile vitambaa ndipo penye vijitundu vya kupumulia, nikavitoa navyo. Nikavikunja vyote vitatu na kwenda kuviweka sebuleni, nikipanga kumweleza mama akirudi. Nilikuwa nafikiria kesho. Sikutazama mikono yangu ilivyokunja, wala kiti ilichokichagua.

Mama alirudi jioni sana, na mvua. Nilimsikia akiukung'uta mwavuli barazani. Mimi nilikuwa kwenye simu na mwenzangu wa Nairobi, tunagawana vichochoro vya kesho, kila mtu achukue vyake. Mama alisimama mlangoni akaniuliza kama nimekula. Nikamwitikia kwa kichwa. Akasimama kidogo zaidi, kana kwamba kuna jambo la pili, kisha akaenda zake. Nilipomaliza simu alikuwa ameshalala, nami nikajiambia nitamchekesha kesho kwa habari ya sweta.

Ijumaa tulianza mapema. Sijawahi kufanya kazi tamu kama ile. Picha kushoto, ramani kulia, sura za wenzangu chini, na mkono wangu unapita juu ya mapaa ya watu bila kusitasita. Saa sita ikafika, nikaacha kupumua. Saa sita ikapita. Nilisikia harufu ya pasi kutoka chumba cha pili, nikasikia kabati likifunguliwa na kitu kizito kikiburutwa koridoni, nikadhani mama anafagia uvunguni. Tulipofunga mtaro wa mwisho, mkuu wangu akasema kwa ule upole wake kwamba haoni sababu ya kumtoa mtu kwenye meza ambayo inafanya kazi vizuri kiasi hiki. Nilimwomba aseme tena. Akasema tena.

Nikatoka chumbani nikiimba, na wimbo ukaniishia koridoni.

Mlangoni lilikuwa limewekwa sanduku la bati la baba, lile la kijani la uhamisho, ambalo lilizunguka nasi kambi zote na ambalo tangu baba astaafu lilikaa uvunguni mwa kitanda. Lilikuwa limefutwa vumbi na kifuniko kiko wazi. Ndani nguo zangu zote zimepigwa pasi na kukunjwa, masweta ya baridi ya Nairobi juu, viatu pembeni vikiwa vimefungwa kwenye gazeti. Kulikuwa na mtungi wa simsim iliyosagwa, mdomo umefungwa nailoni na mpira ili isivuje njiani. Na juu ya kila kitu, vimekunjwa mara nne, vilikuwa vitambaa viwili vyenye maua ya manjano na lile sweta la kijivu.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake sebuleni, amevaa gauni la kutokea, mikono mapajani.

"Mama, hii ni nini?"

"Niliona umetoa vitambaa," alisema. "Sikutaka kukusumbua. Hizi tatu utafunika huko, ukishapata mahali pa kukaa."

Akilini nilimwona ameingia jana na mvua yake, ameona vile vitambaa juu ya kiti chake, amesimama mlangoni kwangu akisubiri nimwambie kwa mdomo, na mimi namwitikia kwa kichwa. Alikuwa amelala na jambo hilo. Ameamka nalo, akapiga pasi.

Nikamwambia kwamba siendi. Nilimweleza vibaya, kwa kurukaruka, kisanduku kwanza halafu Nairobi halafu kisanduku tena. Kwamba kile kisanduku kinataka hewa, kwamba kilikuwa kinapikwa ndani ya lile sweta, kwamba ndiyo maana nilivitoa, na kwamba wamekubali nibaki hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kubadilisha uso.

"Hauendi?"

"Siendi popote, mama."

"Na ile sweta ndiyo ilikuwa inaharibu kazi?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema ndiyo. Akaangalia chini kwenye mikono yake, ile iliyofuma, akainyoosha na kuikunja, na midomo yake ikaanza kucheza. Nilidhani amehuzunika. Kumbe alikuwa anazuia kicheko, na kicheko kikamshinda, na katikati ya kicheko machozi yakaja yenyewe, yakamtiririka akiwa bado anacheka. Sijawahi kumwona mama akilia siku ya uhamisho wowote. Nilikwenda nikakaa sakafuni karibu na magoti yake, nikaegemeza kichwa hapo.

Alipotulia, nilirudi koridoni. Nikatoa viatu na ule mtungi wa simsim, nguo nikaziacha nitazitoa baadaye. Nikafunga kifuniko cha sanduku la baba. Nikalisukuma kutoka mlangoni mpaka ukutani, chini ya picha yake, pale ambapo hapakuwa na kitu. Kisha nikachukua kitambaa kimoja cha maua ya manjano, nikakikunjua na kukitandaza juu yake.

Mama alikuja taratibu, akijishika ukuta kwa ajili ya magoti. Akasimama akalitazama sanduku kwa muda mrefu.

"Imekaa upande," alisema.

Akainama, akakivuta kitambaa kidogo kushoto, mpaka ncha yake ikaning'inia katikati.